Sheli isiyouza petroli: kinachotokea kati ya nywila na alama ya dola

Ukisimama Mbagala Rangi Tatu au Mwananyamala ukauliza "sheli iko wapi?", utaelekezwa kituo cha mafuta. Sheli ya leo haina pampu wala foleni ya bodaboda. Ni programu inayokaa kati yako na kompyuta. Unaandika amri, yenyewe inaisoma, inaitafuta programu uliyoitaja, inaiamsha, kisha inakuletea jibu. Jina lake lina maana ya gamba, kama gamba la konokono. Ndani kabisa kuna kerneli, ambayo ndiyo inayozungumza na diski na kumbukumbu za mashine. Gamba ndiyo sehemu unayoigusa wewe.

Wengi wetu tunakutana nayo chuoni. Mtu anafanya uchambuzi wa takwimu za mvua, za vimelea vya malaria au za foleni za barabarani, laptopu yake inazidiwa, anapewa akaunti kwenye seva ya pamoja. Anakaa zake Tandika au Sinza, anawasha intaneti ya simu, anaingia kwenye seva iliyoko mbali, anaandika nywila. Skrini inanyamaza kidogo, kisha inatokea alama ya `$` ikimsubiri.

Ule muda wa kunyamaza ndio mada yetu. Ni chini ya sekunde moja, lakini ndani yake sheli imesoma mafaili kadhaa na kuamua mambo ambayo hukumwambia: itatafuta programu wapi, itahesabu saa kwa nchi gani, itapanga herufi kwa kanuni ipi, na mafaili utakayoyatengeneza leo nani ataruhusiwa kuyasoma. Usipojua yanaamuliwa wapi, siku moja jibu la utafiti wako litakuwa na kasoro na hutaona popote neno "kosa".

Mazingira ni nini?

Kila programu inayoendeshwa kwenye Linux inabeba mfuko wa karatasi ndogo ndogo. Kila karatasi ina jina na thamani yake: `HOME` ni folda yako ya nyumbani, `LANG` ni lugha, `TZ` ni majira ya saa, `PATH` ni orodha ya sehemu za kutafuta programu. Hivi tuviite vigeu vya mazingira. Andika `env` uone mfuko wako wote.

Kanuni kubwa ni moja: mtoto anarithi nakala ya mfuko wa mzazi, harithi mfuko wenyewe. Sheli ikiamsha programu, programu hiyo ni mtoto. Inapewa nakala. Ikibadilisha karatasi yoyote, mzazi hajui. Jaribu mwenyewe:

```
mto=Msimbazi
bash -c 'echo $mto'
export mto
bash -c 'echo $mto'
```

Mara ya kwanza unapata mstari mtupu, kwa sababu `mto` lilikuwa jambo la ndani ya sheli yako tu. Baada ya `export` karatasi inaingia kwenye mfuko wa kurithishwa, na mara ya pili unaona Msimbazi.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Mtu anaandika skripti ya kupanga mazingira, anaiendesha kwa `./panga.sh`, inamaliza bila kelele, na hakuna kilichobadilika. Kumbe skripti ilikuwa mtoto: ilibadilisha nakala yake, ikafa nayo. Ukitaka sheli yako yenyewe ibadilike, iambie isome faili kama vile umeyaandika maneno yale kwa mkono wako: `source panga.sh`, au kwa kifupi nukta, `. panga.sh`.

Utaratibu huu ulikuja na toleo la saba la Unix, mwaka 1979, pamoja na sheli ya Stephen Bourne wa Bell Labs. Sheli ambayo wengi tunaitumia, Bash, iliandikwa na Brian Fox kwa ajili ya mradi wa GNU na kutoka mwaka 1989. Jina lake ni utani juu ya jina la Bourne. Kwa hiyo unapoandika `export` leo, unatumia mpangilio uliowazidi umri wasomaji wengi wa makala hii.

Nyumba ya kupanga

Fikiria nyumba ya kupanga pale Temeke, vyumba sita, uwanja mmoja, choo kimoja. Mwenye nyumba ana masharti yake kwa wote: geti linafungwa saa nne usiku, maji yanalipiwa tarehe fulani. Halafu kila mpangaji chumbani kwake ana mambo yake. Ukirudi jioni unakutana kwanza na masharti ya geti, ndipo unaingia chumbani.

Bash inafanya vivyo hivyo unapoingia kwenye seva. Kwanza inasoma `/etc/profile`, masharti ya mwenye nyumba, yanayowekwa na msimamizi wa mfumo kwa watumiaji wote. Halafu inakuja kwenye folda yako na kutafuta mafaili matatu kwa mpangilio huu:

1. `~/.bash_profile`
2. `~/.bash_login`
3. `~/.profile`

Inasoma la kwanza inalolikuta, basi. Hayo mengine haiyagusi. Alama ya `~` ni folda yako ya nyumbani, na nukta mwanzoni mwa jina inalificha faili, ndiyo maana `ls` ya kawaida haikuonyeshi. Tumia `ls -a`.

Hilo neno "la kwanza" lina makali. Akaunti mpya kwenye Ubuntu huja na `.profile`, na ndani yake kuna mistari inayoita faili jingine, `.bashrc`. Sasa mwanafunzi anafuata maelekezo ya video, anaambiwa atengeneze `.bash_profile` na kuweka mstari mmoja. Anaweka. Kesho akiingia, rangi zimepotea, vifupisho vyake vya amri havipo, nusu ya programu hazionekani. Hakuna kilichofutwa. Ni kwamba `.bash_profile` limekutwa kwanza, na `.profile` halisomwi tena.

Kuingia getini na kufungua dirisha

Hilo `.bashrc` lina kazi gani basi? Bash inatofautisha hali mbili. Ya kwanza ni sheli ya kuingia, ile unayoipata baada ya kutoa nywila, kwa mfano kupitia `ssh`. Ya pili ni sheli ya mazungumzo ya kawaida, kama ile unayoipata ukiwa umeshaingia kwenye Ubuntu ya laptopu yako ukafungua dirisha la terminali. Geti umeshalipita asubuhi, sasa unafungua mlango wa chumba tu. Sheli hii ya pili haisomi mafaili ya kuingia. Inasoma `~/.bashrc`.

Ukitaka kujua uko kwenye ipi, andika `echo $0`. Ukiona `-bash`, ile kistari mbele ni ishara kwamba hii ni sheli ya kuingia. Ukiona `bash` bila kistari, ni ya kawaida. Au andika `shopt login_shell`, itakujibu moja kwa moja.

Kutokana na hapo unapata kanuni rahisi ya nini kikae wapi. Vigeu vinavyorithiwa, kama `PATH` na `TZ`, vinatosha kuwekwa mara moja wakati wa kuingia, maana watoto wote watavipata. Vitu visivyorithiwa, kama vifupisho vya amri na rangi za maandishi, viwekwe kwenye `.bashrc`, kwa sababu kila sheli mpya inavihitaji upya. Ndani ya `.bash_profile` weka mstari wa kuita `.bashrc`, upate vyote kwa pamoja.

Wenye kompyuta za Apple, kwenu kuna tofauti: tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, akaunti mpya zinapewa sheli ya zsh. Mafaili yake ni `.zprofile` na `.zshrc`. Wazo ni lile lile, majina tofauti.

PATH: kumtuma mtoto sukari

Unamtuma mtoto: "Nenda kwa Mangi ukanunue sukari. Ukikosa, nenda duka la Mpemba. Ukikosa huko, nenda gengeni." Mtoto ataleta sukari ya duka la kwanza lenye sukari. Hata kama ya Mpemba ni nzuri zaidi, hafiki huko.

`PATH` ni maelekezo hayo. Ni folda zilizotenganishwa kwa nukta pacha:

```
/home/asha/bin:/usr/local/bin:/usr/bin:/bin
```

Ukiandika `python3`, sheli inaanza folda ya kwanza kushoto, inakwenda kulia, inaamsha ya kwanza inayoikuta. Kwenye seva ya chuo kunaweza kuwa na Python mbili au tatu: ya mfumo, ya msimamizi, na uliyoweka mwenyewe. Ukisikia mtu analalamika "nimeweka maktaba ya hesabu lakini Python inasema hamna", mara nyingi ameiweka kwenye Python moja na anaendesha nyingine. Amri `type -a python3` inakuonyesha zote, kwa mpangilio wa kukutwa. Iandike kabla hujaamua kushusha upya programu ya mamia ya megabaiti kwa bando la simu. Bando limekwisha, na tatizo lilikuwa mstari mmoja tu.

Kuongeza folda yako kunafanywa hivi:

```
export PATH="$HOME/bin:$PATH"
```

Lile `$PATH` la mwishoni usilisahau. Ukiandika `export PATH="$HOME/bin"` peke yake, umemwambia mtoto asiende duka lolote isipokuwa moja, ambalo pengine ni tupu. Hapo hapo `ls` haipo, `nano` haipo, kila amri inajibiwa kuwa haikupatikana. Usihangaike. Andika `export PATH=/usr/bin:/bin`, sheli hiyo inapona, kisha rekebisha faili.

Jingine: usiweke nukta, yaani "folda nilipo sasa", kwenye `PATH`, hasa mwanzoni. Kwenye seva ya pamoja, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuacha kwenye folda ya mradi faili aliloliita `ls`. Ukiingia pale na kuandika `ls`, utaendesha programu yake kwa ruhusa zako wewe.

Saa na lugha: pale jibu linapobadilika kimyakimya

Seva nyingi zinapangwa kwa saa ya dunia, UTC. Sisi tuko saa tatu mbele. Kerneli yenyewe haijui Dar wala London: inahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na programu ndizo zinazogeuza hesabu hiyo kuwa tarehe, kwa kufuata `TZ`. Dar es Salaam ina jina lake kwenye hifadhidata ya majira inayotumiwa na kompyuta duniani kote, ingawa leo jina hilo ni kiungo kinachoelekeza kwenye kanuni za Nairobi:

```
export TZ="Africa/Dar_es_Salaam"
```

Saa tatu zina uzito gani? Chukua mfano wa kipimo cha mvua kinachorekodi mvua kubwa Tandale saa saba usiku, kuamkia tarehe 20 Aprili. Kwa UTC wakati ule ni 22:00 ya tarehe 19. Skripti inayojumlisha mvua kwa siku, ikiendeshwa bila `TZ`, inaipeleka mvua ile siku ya jana. Jumla ya mwezi inabaki karibu sawa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Lakini ukilinganisha siku za mvua na siku za mafuriko bonde la Msimbazi, utaona mafuriko yanachelewa siku nzima baada ya mvua, na unaweza kuandika sura nzima ya tasnifu kueleza ucheleweshaji ambao mto haujui habari zake.

Lugha nayo ina mambo. Kiswahili cha Tanzania kina faili lake kwenye maktaba kuu ya Linux, kwa jina `sw_TZ`. Tumetoka mbali: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Ukitaka siku na miezi kwa Kiswahili, andika kwanza `locale -a` uone kama seva yako imewekewa `sw_TZ`. Kama ipo:

```
export LANG="sw_TZ.UTF-8"
```

Kisha `date +%A` itakuambia Jumatatu au Ijumaa. Kama haipo, utapata maonyo kila unapoingia, na dawa iko kwa msimamizi.

Lugha inaamua pia mpangilio wa herufi. Panga majina haya manne: ilala, Kinondoni, Temeke, ubungo. Kwa kanuni za lugha za watu, `sort` itayaacha hivyo hivyo. Kwa kanuni ya kompyuta tupu, `LC_ALL=C`, herufi kubwa zote zinatangulia: Kinondoni, Temeke, ilala, ubungo. Ukiunganisha majedwali mawili kwa `join`, moja likiwa limepangwa kwenye laptopu na jingine kwenye seva, mistari inaweza kupotea. Kwa kazi ya data, weka `LC_ALL=C` ndani ya skripti yenyewe, usitegemee mashine uliyopo.

Nani atasoma mafaili yako?

Kuna mstari mmoja ambao watu wengi hawaujui kabisa: `umask`. Kila faili jipya la kawaida linaanza na ruhusa 666, yaani kila mtu asome na kuandika, halafu `umask` inaondoa baadhi. Ikiwa ni 022, faili linabaki 644: wewe unaandika, na yeyote mwenye akaunti kwenye seva anaweza kusoma akilifikia. Ikiwa ni 077, linabaki 600: ni lako peke yako.

Kama unachambua foleni za Morogoro Road, 022 haina shida. Kama una jedwali lenye majina ya wagonjwa, namba za simu na majibu ya vipimo, hali ni nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti. Yule mama aliyetoa damu kliniki hakuikubalia seva nzima isome jina lake. `umask 077` kwenye faili lako la kuingia ni herufi chache tu. Inahusu mafaili mapya tu. Ya zamani yarekebishe kwa `chmod`.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiandike nywila au funguo za huduma ndani ya `.bashrc` halafu ukaliweka faili hilo hadharani kwenye GitHub. Mazingira yanarithiwa na kila mtoto, na siri iliyo ndani yake inasafiri pamoja nayo. Septemba 2014 dunia ilijifunza jinsi mlango huu ulivyo mpana: Stéphane Chazelas aligundua kwamba Bash ilikuwa inaweza kutekeleza amri zilizofichwa ndani ya thamani ya kigeu cha mazingira. Seva za tovuti zilizokuwa zikiingiza maneno ya mgeni kwenye mazingira ziliweza kuamrishwa na mtu asiye na akaunti. Hitilafu hiyo, iliyopewa jina Shellshock, ilikuwa imekaa ndani ya Bash kwa zaidi ya miaka 20.

Kazi za usiku hazipiti getini

Umeandika skripti, umeijaribu, inafanya kazi. Unaipangia `cron` iiendeshe kila usiku: `0 2 * * *`, saa nane usiku. Asubuhi hamna kitu. Kwa nini?

Kwa sababu `cron` haijaingia kwa nywila. Haisomi `.bash_profile` yako wala `.bashrc`. Inaamsha skripti kwa `sh`, na `PATH` fupi, kwa kawaida `/usr/bin:/bin`. Python uliyoiweka kwenye folda yako haionekani. Na saa? Ratiba inafuata saa ya `cron` yenyewe. Seva ikiwa UTC, "saa nane usiku" yako inakuwa saa kumi na moja alfajiri ya Dar, hata kama `TZ` yako iko sahihi. Basi ndani ya skripti ya usiku andika kila kitu waziwazi: `PATH`, `TZ`, `LC_ALL`, `umask`. Ichukulie kama mgeni asiyeujua mtaa.

Faili la kuanzia

Hili linatosha kwa wengi. Liweke kwenye `~/.bash_profile`:

```
export PATH="$HOME/bin:$PATH"
export TZ="Africa/Dar_es_Salaam"
umask 077
if [ -f ~/.bashrc ]; then . ~/.bashrc; fi
```

Kama unashirikiana na kikundi kwenye folda moja, zungumza na msimamizi kuhusu `umask 007`, ili kundi lenu msome na kuandika na wengine wabaki nje.

Usiweke `echo "Karibu!"` kwenye `.bashrc` bila kuangalia kwanza kama sheli ni ya mazungumzo. Programu za kuhamisha mafaili, kama `scp` na `rsync`, zinaweza kukutana na salamu yako pale zilipotegemea data, zikagoma.

Na kabla ya kuhariri lolote kati ya mafaili haya: tengeneza nakala kwa `cp ~/.bash_profile ~/.bash_profile.zamani`, na acha dirisha moja la terminali likiwa wazi, limeshaingia. Hifadhi mabadiliko, fungua dirisha jipya, jaribu kuingia. Ukikubaliwa, funga la zamani. Ukikataliwa, dirisha la zamani bado liko ndani ya geti na linaweza kukurudishia nakala. Ukilifunga mapema, itabidi umsubiri msimamizi, na kama ni Ijumaa jioni, utamsubiri hadi Jumatatu.